Supu ya Mifupa Ilikwenda Wapi?

"Umetia nini kwenye ndoo yangu?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi..."

"Nimekuuliza, umetia..."

"Supu! Supu ya kuku! Si ulitaka supu?"

Mpishi alionja tena, akatema kwenye sinki. Juzi alichemsha mifupa ya kuku kutwa nzima bila punje ya chumvi, maana supu ile huikausha mpaka iwe mchuzi mzito. Jana fundi friji, yule yule aliyekuja mwaka juzi kutengeneza friji ya mkahawa akaondoka na namba ya simu ya mpishi wakawa wapenzi, alichomoa waya wa friji yenye ndoo ya supu hiyo akasahau kuurudisha. Supu ikachacha. Kwa woga fundi akachemsha kuku yeye mwenyewe, akajaza ndoo kimya kimya.

"Chumvi kiasi gani?"

"Vijiko vitatu vikubwa. Mama ndivyo anavyopika."

"Nami nimeikausha ikabaki robo! Hii ni ya kuhifadhia samaki, baba!"

"Si uongeze maji?"

"Sahani imeshakwenda mezani!"

Wakachungulia kwenye kidirisha. Katikati ya makelele ya wateja wa mchana, ndani ya gauni la bluu lililopigwa pasi likanyooka, alikaa mama yake fundi. Alikuja kula chakula cha huyu binti, kisha aseme kama anakubali aolewe na mwanawe au la.

Alikuwa anafuta sahani kwa mkate.

"Kamaliza," fundi akanong'ona, macho yamemtoka. "Kapenda! Wewe nyamaza tu."

Mpishi akajichomoa mkononi mwake, akatoka na aproni yake yenye madoa.

"Shikamoo mama. Nisamehe. Hicho chakula kimezidi chumvi."

Mama akaganda, mkate mkononi. "Kimezidi sana?"

"Hakiliki, mama."

Fundi alikuwa amefika, jasho linamtiririka.

"Tangu niugue mwaka jana, ulimi wangu haushiki ladha," mama akasema taratibu. "Napika kwa kukisia. Na huyu kila siku anakula, ananiambia mama, tamu!"

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Ungeniua na presha huku unanisifia!"

Akamgeukia mpishi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Hamia kwangu, mwanangu. Uwe unanionjea. Huyu akikuoa, sawa. Asipokuoa, wewe njoo tu."