Kiti cha Kwenda Nungwi

Ofisini kulinukia udi, na hakuna aliyechoma udi. Shemsa, mkata tiketi za ndege pale Malindi mjini Unguja, alidhani ni majirani. Mwanawe wa miaka saba, Muzdalifa, alikuwa katoka chuo cha Kurani, kakaa kwenye kiti cha wateja anatafuna kashata.

Akaingia bibi mmoja, buibui linachuruzika maji, na nje jua kali.

"Mwanangu, Jongowe mpaka Nungwi, kwa ndege, mwendo gani?"

Shemsa hakumpa hata shikamoo. Jongowe iko kisiwani Tumbatu, Nungwi kwenye ncha ya kaskazini, na kote kuwili hakuna uwanja wa ndege, nani asiyejua? Na kwa kuwacheka watu wa shamba, Shemsa hakuwa na mshindani. Akabonyeza kompyuta.

"Kilomita kumi na sita, bibi. Dakika tano. Hujamaliza bismillahi, ushafika."

Bibi hakucheka. "Na kiti kipo?"

"Viti tele."

Bibi akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti alichokalia mtoto. "Hiki?"

Shemsa alikuwa kashainamia simu yake. "Hicho hicho. Nshakupa, chukua."

Mdomo ukaponza kichwa, tena si chake. Unguja nzima inajua kuwa mtu anayepandwa na jini huitwa kiti. Shemsa naye alijua, ila ulimi ulitangulia. Alipoinua uso bibi hayupo, sakafu imerowa, na udi sasa unanukia kwenye nywele za Muzdalifa.

Kesho yake baada ya adhuhuri mtoto alikakamaa, macho meupe, akalala hivyo dakika tano kamili, na alipozinduka nywele zilikuwa zimetimka kwa upepo, midomo imekauka chumvi, naye analia kwamba kapelekwa juu, mama, juu sana, na anayempanda ni mzito, na kasema atarudi. Na kweli akarudi, kila siku, mpaka kwenye mabega madogo yale ikatokea michubuko miwili, ya magoti ya mtu mzima.

Shemsa akampeleka Mangapwani kwa mganga, Mzee Gharib. Akafukiza ubani, akamwita jini, na jini akaitika kwa kinywa cha mtoto, sauti ya kikongwe.

"Naam."

"Nani kakupa kiti hiki?"

"Mama yake. Muulize."

"Toka."

"Nipewe kingine, ntatoka. Huyo mama yake atanifaa."

Mzee Gharib akamsogelea Shemsa, akanong'ona. "Sema, 'Nipande mimi.' Maneno mawili tu, mwanangu. Mtoto atapona hapa hapa."

Shemsa akafungua mdomo. Alimpenda mwanawe, wallahi alimpenda. Lakini akawaza kule juu, na uzito ule, na magoti yale mabegani mwake, kila siku ya Mungu mpaka kaburini, na mdomo uliokuwa na jibu kwa kila mtu ukamkauka.

"Sema, Shemsa!"

Machozi yalimtoka, maneno hayakutoka.

Jini akacheka taratibu. Kisha kwenye kinywa kile kile ikatoka sauti ndogo, ya Muzdalifa mwenyewe, imechoka.

"Basi, mama. Usilie. Nshazoea."