Kifo Kisicho na Mwenyewe

Unga uliumuka kabla ya kutiwa hamira. Ndivyo ilivyoanza pale kwenye kiwanda cha mikate, saa sita mchana, jua la utosi, asije mtu akasema ni ndoto.

Shemeji akatia kidole, akakitoa haraka. Donge lilikuwa la moto kama mgongo wa mwenye homa.

Walimwita Shemeji kwa sababu mumewe ndiye aliyekuwa mkandaji hapo, na mashine ile ile ya kukandia unga ndiyo iliyomvuta mkono, kisha bega, kisha roho. Zamani ilikuwa na mfuniko. Ukiufungua, mashine inazimika yenyewe. Lakini bosi, ambaye watu walimpachika jina la Chapuchapu (hata salamu aliimeza nusu), aliona mfuniko unachelewesha mikate, akaamuru ung'olewe. Mume alipokufa, machozi hayajakauka, akamletea mjane karatasi.

"Weka dole gumba hapa, mama. Mambo ya ofisi tu."

"Inasemaje?"

"Kwamba alijitakia, na kifo hiki hakina wa kuulizwa. Ukiweka, kesho unaichukua kazi yake."

Watoto watatu, chungu kimeinamishwa. Akaweka.

Sasa kila adhuhuri bakuli la mashine lilihema. Kwanza wafanyakazi wakasema ni mota, halafu wakasema ni panya, mpaka siku umeme ulipokatika na mashine zote zikanyamaza isipokuwa pumzi ile, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na pamoja nayo harufu ya jasho la mtu ambaye Shemeji alilala ubavuni pake miaka kumi na moja na asingeweza kuikosea hata ndani ya moshi.

Chapuchapu akaita mganga, maana aliona heri mganga kuliko fundi. Bibi yule akainama juu ya bakuli.

"Nani wewe?"

Povu likapasuka. "Mpangaji."

"Kakukaribisha nani?"

"Nyumba isiyo na mwenyewe tunakaa sisi. Na kifo hiki kimeandikwa hakina mwenyewe. Nimehamia."

Mganga akafunga mkoba wake. "Huyu hatoki kwa ubani, baba. Atatoka siku mwenye kifo atakaposema mbele ya sheria: ni changu."

"Na mimi, bibi?" Shemeji akanong'ona. "Dole ni langu."

"Ndiyo maana mumeo yumo humo naye, mwanangu. Mwombe bosi wako aseme."

Kesho yake akaja mkaguzi wa usalama kazini, daftari mkononi.

"Sheria inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake," akasema. "Nani aliamuru mfuniko ung'olewe?"

Chapuchapu, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akatazama dari.

"Sema, baba," Shemeji akamshika miguu. "Neno moja tu. Sikushtaki, sitaki kitu. Sema kifo ni chako, mume wangu apumzike."

"Marehemu mwenyewe aliung'oa," akasema Chapuchapu. "Karatasi hii hapa, na dole la mkewe."

"Sikujua! Nalifuta! Nifutieni!"

"Basi nani anayejibu kwa kifo hiki?" akauliza mkaguzi.

"Mimi."

Mkaguzi, mtu wa ofisi, alikwisha kuliandika jibu hilo daftarini kabla hajainua macho na kuona kwamba hakuna mdomo uliofunguka, na kwamba sauti imetoka bakulini. Walikimbia wote. Chapuchapu alitangulia, jina halikumwongopea.

Shemeji peke yake alibaki. Akapiga magoti, akakumbatia bakuli.

"Nirudishie mume wangu."

Donge likajigeuza polepole, kama mtu kitandani.

"Mume wako? Daftarini imeandikwa kifo ni changu, na karatasini wewe ulikubali. Huyu hana wa kumuulizia."

Na chini ya ngozi ya unga vikajichora vidole vitano, vikipapasa, vikimtafuta.