Vioo vya Kabati la Mandazi

Kila alasiri, shule ikishafunga, Amida alipita sokoni kumsalimu mama yake, akala andazi lililovunjika, kisha akaenda kufagia maktaba ya mji. Hakuna aliyemlazimisha. Papa Mwanza, mtunza maktaba, alimruhusu kusoma kitabu chochote alichotaka mradi asaidie kupangusa vumbi, na Amida alikuwa mtoto wa kusoma hata maandishi ya magunia ya chumvi.

Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba cha historia ya Kamina, mji huo wa reli kusini mwa Kongo. Humo mlikuwa na ramani za reli, magazeti makuukuu yaliyofungwa kwa kamba, na masanduku ya picha. Picha zenyewe hazikuwa za karatasi. Zilikuwa vipande vya kioo, kila kimoja ukubwa wa daftari, na watu walionekana juu yake kinyume, nyuso nyeupe na mashati meusi. Papa Mwanza alimweleza kwamba zamani picha zilipigwa hivyo, na kwamba hadi leo fundi picha angeweza kutumia kioo kimoja kutoa picha safi ya karatasi. Amida aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alisema ni takataka. Kilichomkaa kichwani ni kitu kingine. Siku moja mvua ilipenya paa ikalowesha kioo kimojawapo, naye akaona picha ikibanduka kama utando wa maziwa, kioo kikabaki kinang'aa.

Ulikuwa mwaka wa 1999. Vita ilikuwa upande wa kaskazini, lakini taabu zake zilikuwa zimeshafika Kamina. Treni za mizigo zilikuja kwa kubahatisha, na kioo dukani hakikupatikana hata kwa dawa. Baba yake Amida, mfanyabiashara Abedi, alikuwa amekwama huko Kasongo, ng'ambo ya mstari wa vita, na nyumba nzima ilikula kwa mandazi ya mama.

Kisha kipindupindu kikazuka. Mkaguzi wa afya akapita sokoni akatangaza kwamba chakula kisichofunikwa kitamwagwa. Wengi walidhani ni maneno tu. Kesho yake mama alirudi nyumbani na beseni tupu. Mandazi yake yote yalikuwa yameishia mtaroni. Hakulia. Alikaa kizingitini akiwa amelifunika lile beseni magotini, na Amida akaona uchungu ambao hakujua auweke wapi.

Juma hilohilo malaria ilimlaza Papa Mwanza. Akamwachia Amida ufunguo wa chumba cha nyuma ili awe anafungua dirisha, unyevu usiharibu vitu. Msichana akafungua dirisha, ndiyo. Akafungua na kabati, akachukua sanduku la vioo, akalifunika kwa kitenge na kulibeba kichwani mpaka nyumbani. Huko alichemsha maji, akatia magadi ya kutengenezea sabuni, akatumbukiza vioo kimoja baada ya kingine. Watu wa zamani wakayeyuka ndani ya sufuria. Alipopata vioo vya kutosha aliacha, akaficha vilivyobaki chini ya kitanda.

Mama alipouliza vimetoka wapi, Amida alijibu kwamba Papa Mwanza amempa. Seremala akaviunga kuwa kabati dogo la kioo, na mandazi yakakaa ndani yakionekana kila upande, nzi wakibaki nje na hamu yao. Mkaguzi mwenyewe alilisifu. Mama akafunga furushi la mandazi ya moto na kumtuma Amida akamshukuru mzee wa watu. Amida alilifikisha, lakini alisema tu ni la kumtakia mgonjwa nafuu. Papa Mwanza alimwombea baraka, na zile baraka zilimchoma Amida kuliko fimbo.

Papa Mwanza alipopona akarudi kazini, akaja bibi mmoja mwembamba, kanga yake imepauka kwa jua. Jina lake Kaaku Nyembo. Kaaku ndivyo Waluba wanavyomwita bibi au babu. Alikuwa amekimbia vita huko Mulongo pamoja na mume wake Kazadi. Mzee Kazadi alifia njiani, wakamzika kando ya barabara, mahali ambapo sasa hapakaribiki kwa sababu ya bunduki. Nyumba yao iliungua na kila kilichokuwemo. Jamaa zake wa Kamina walikuwa wameitisha matanga siku ya Jumapili, lakini kaburi halipo, na hata sura ya marehemu ya kuweka kitini mbele ya waombolezaji haipo. Ndipo shemeji yake alipokumbuka kwamba Kazadi, akiwa kijana wa reli, alipigwa picha stesheni, na kwamba picha za reli zilihifadhiwa maktabani.

Papa Mwanza alitabasamu. Alimwambia yuko pahali pazuri, vioo vya wafanyakazi wa reli vipo vyote, na fundi picha wa karibu na stesheni bado ana dawa zake. Akaingia chumba cha nyuma.

Hakutoka upesi. Amida, ufagio mkononi, alimsikia akivuta masanduku, akifungua, akifunga, akianza tena. Alipotoka alikuwa amelowa jasho. Akamwambia bibi amsamehe, kwamba huenda homa ilimchanganya akaweka sanduku pasipofaa, kwamba kosa ni la uzee wake. Kaaku Nyembo akajibu polepole kwamba si neno, yeye amezoea kukosa.

Amida angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa ameshajibebesha lawama yote, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini akaegemeza ufagio ukutani.

"Njo minyi nilibeba bile bioo, papa," alisema, akikiri kwamba ni yeye. "Nilibisafisha na maji ya moto. Biko ku kabati ya mama."

Papa Mwanza hakumgombeza. Alikaa chini tu, na Amida akatamani apigwe.

Walikwenda sokoni wote watatu. Mama aliposikia, uso ulimshuka kwa haya. Akatoa mandazi yote, akavichomoa vioo vya kabati kwa mikono yake mbele ya wateja. Vioo vya chini ya kitanda vikaletwa, vikanyanyuliwa kimoja kimoja kwenye mwanga, bibi akivitazama. Kazadi hakuwemo. Alikuwa miongoni mwa vile vilivyooshwa.

"Kioo yake iko gani?" aliuliza Kaaku Nyembo.

Amida alivitazama. Vyote vilikuwa sawa, vyeupe, vimetakata.

Mama alikosa kabati, lakini si kwa muda mrefu. Kesho yake Papa Mwanza alimpelekea chandarua kuukuu kilichokuwa kimekunjwa kwenye kona ya kile chumba, akamwambia akifue na kukitandaza juu ya fremu ya mbao. Mkaguzi alikikubali bila neno. Mzee akamwambia Amida, kwa sauti iliyochoka, kwamba kama angemwuliza tu, angempa chandarua hicho siku ileile. Amida alirudisha ufunguo. Hakuombwa abaki nao.

Jumapili mama na Amida walikwenda matangani na sinia la mandazi. Kiti kilikuwa kimewekwa mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake hapakuwa na kitu. Kaaku Nyembo alimwita msichana karibu.

"Weye njo muntu wa mwisho kumuona," alisema. "Uso yake ilikuwa namna gani mu ile picha? Alikuwa anacheka?"

Amida alitafuta kichwani. Alikumbuka sufuria. Alikumbuka alivyokipima kila kioo kwa shubiri, kama kitatosha upande wa fremu.

"Sijue, kaaku," alisema, machozi yakimtoka. "Sikuangalia."

Wanawake waliokuwa karibu wakainamisha vichwa. Bibi alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Bale ba bunduki bachoma nyumba yangu kwa sababu habanijue," alisema hatimaye. "Weye pia hukunijua. Uliona kitu ya bantu bote, ukasema haina mwenyewe. Iko na mwenyewe, mutoto wangu. Siku ingine uulize kwanza, na uangalie muzuri kile uko nabeba. Kusema kweli ulisema, na minyi nakushukuru. Lakini kweli haimurudishe Kazadi mu kioo."

Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake.

"Sasa ikala hapa. Nitakuambia uso yake ilikuwa namna gani, minyi nikiwa ningali nakumbuka."

Amida akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.