Mlango Alioupandisha Yudron

Jua likizama nyuma ya vilele vya theluji, Yudron alitoka kuokota samadi kavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa milimani, ya kuwashia jiko. Nyumbani alimwacha mama mkwe wake, Butri, mgongo umepinda kama mundu, na ulimi mkali kuushinda mundu wenyewe.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya mlango mfupi wa nyumba. Wapanda milima waliolala kwao walikuwa wakijigonga vichwa, na Yudron, aliyependa kusifiwa na wageni, akaubomoa na kuupandisha. Kwa sasa lilining'inia blanketi tu. Butri alimwambia wazi kwamba wazee hawakujenga milango mifupi kwa ushamba. Mfu anayeamka hawezi kuinama. Na akikugusa utosini, umekuwa mwenzake. Yudron alicheka mpaka akashika mbavu.

"Cheka," Butri alisema. "Mwanangu yuko kule juu na hao wageni wako. Hata ubani hukumfukizia."

Kapu lilipofika nusu, mbwa walinyamaza.

Wote.

Kisha... kra... kra... viatu vya meno ya chuma juu ya barafu. Mtu alikuwa akishuka kutoka mlimani, peke yake. Yudron alilitambua koti jekundu la mumewe, Norgye, akaita kwa furaha.

Kamba ya bendera za dua ilikatiza njia, usawa wa kifua. Pale hata mlevi huinama. Norgye hakuinama. Alitembea tu mpaka kamba ikakatika.

Harufu ikamfikia. Barafu ya zamani... na nyama iliyosahauliwa ghalani.

Yudron alitupa kapu akakimbia. Nyumbani alipigilia ubao wa kitanda sehemu ya juu ya mlango, ukabaki uwazi wa chini tu.

"Usitoke, Mama," alinong'ona. "Huyo si yeye."

"Ulianza na mlango wangu. Sasa unamfungia nje mwanangu?"

Kwa mgongo ule uliopinda, Butri alipita chini ya ubao bila taabu. Yudron alimshika gauni, likamponyoka. Kupitia uwazi aliona viatu vya chuma vimesimama. Mkono wenye vidole vyeusi ukashuka taratibu, ukatua utosini mwa Butri, kama wa mtu anayebariki.

Kra... kra... Viatu vikaondoka. Butri akaenda kulala zizini.

Alfajiri wageni walishuka, macho chini. Walisema Norgye alifia kule juu jana mchana, na koti lake mwilini. Barafu imemshika. Wamemwacha akining'inia kwenye kamba.

Yudron alimwita Butri aje asikie habari za mwanawe.

Butri akatoka zizini. Alikuja polepole, mikono mbele, mgongo umenyooka wima.

Yudron aligeuka akimbilie ndani. Mgeni mmoja, aliyechoka kuinama, alikuwa ameshaubandua ule ubao.