Mfagiaji Hampi Mtu Mgongo

Kila jioni, jua likianza kujificha nyuma ya kilele, ilikuwa kazi yake kufagia njia. Si kwa ufagio. Katika idara iliyotunza bustani, njia za mlimani na viwanja vya wazi vya mji ule wa wageni, kufagia njia maana yake ni kupanda mpaka juu, kisha kushuka nyuma ya watu wote, ukiwaswaga taratibu kama kuku wanaorudi bandani, asibaki hata mmoja. Ndiyo maana wenzake walimwita Mfagiaji.

Mchana alizibua mifereji ya mvua, akapigilia magogo ya ngazi, akafuta mabenchi. Jioni alimwacha binti yake langoni, kwa mlinzi mzee aliyeitwa Kufuli. Mtoto naye walimwita Kokoto, kwa udogo na ubishi wake.

"Leo tena unaniachia bosi wangu?" Kufuli alisema, huku akimvalisha mtoto sweta lake mwenyewe, likafika mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Akikusumbua mfungie, baba."

"Huyu? Atanifungia mimi."

Kokoto alivuta pindo la mbeleko iliyokuwa begani mwa mama yake. "Ukirudi unibebe."

"Nikirudi nakubeba. Nafasi yako ipo."

Kufuli akamsindikiza kwa yale maneno aliyowaambia wafagiaji wote, jioni zote. "Kumbuka, binti yangu. Mfagiaji hampi mtu mgongo."

Mfagiaji aliyapenda maneno yale. Aliyasikia hivi: usimtupe mtu mlimani. Usimwache mnyonge nyuma. Alijiambia kwamba mahali penye sheria nzuri namna ile pana watu wazuri.

Juu hakukuta mtu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, naye akashuka nao, mpaka kwenye kona ya njia iliyofungwa. Yeye mwenyewe aliwahi kusaidia kuburura matawi ya miiba kuiziba na kung'oa kibao chake. Waliambiwa ardhi ya kule imeporomoka. Kwenye kona ile mfagiaji husimama na kuita.

"Kuna aliyebaki?"

Kimya. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

"Kuna aliyebaki?"

Kwanza ikaja harufu. Harufu ya nguo mbichi iliyokunjwa bila kuanikwa...

"Mimi, mwanangu."

Ng'ambo ya miiba, kwenye benchi la zamani, alikaa bibi kizee. Miguu yake ilikuwa mitupu, imejaa tope bichi. Na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Bibi, umefikaje hapa?"

"Nililetwa. Nikaambiwa nisubiri."

"Na nani?"

"Na wangu."

Moyo ulimuuma. Alipenya miiba, akapiga magoti, akamfuta ile miguu kwa kilemba chake. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Unaweza kutembea?"

"Imegoma, mwanangu."

Hapo yale maneno ya Kufuli yakamjia, yakamharakisha. Hampi mtu mgongo. Akachutama, akamweka bibi mgongoni, akamfunga kwa mbeleko, fundo kifuani. Alikuwa mwepesi. Mwepesi kama kapu la majani makavu.

Walishuka.

Kila ngazi, bibi alizidi uzito kidogo. Kapu likawa ndoo. Ndoo ikawa gunia. Na pumzi iliyomgusa sikio haikuwa na joto.

"Mbeleko hii ya nani?" bibi akanong'ona.

"Ya binti yangu."

"Mzito?"

"Wapi, bibi. Anakula kama ndege."

"Basi nimekalia nafasi yake." Bibi akacheka kidogo. "Naye atakalia yangu."

Mfagiaji akacheka pia, kama mtu anavyocheka utani wa mkubwa wake.

Langoni Kufuli alisimama na mnyororo mkononi. Aliuliza swali lake la kila siku. "Wote wameshuka?"

"Wote. Na bibi huyu, baba, tumtafutie gari. Miguu yake..."

Kufuli alimulika tochi.

"Bibi yupi?"

Fundo lilikuwa limekaza kifuani. Nyuma, mbeleko ilining'inia tupu. Lakini mabega yake yalikuwa yamepinda kwa uzito.

Kokoto alikuja mbio, sweta likimkwaza. Akazunguka nyuma ili apande. Akasimama.

"Mama... pamejaa."

Kufuli alikaa chini, palepale kwenye changarawe.

"Umempa mgongo," alisema.

"Si ulisema tusimpe mtu mgongo? Ningemwachaje?"

"Mgongo, binti yangu. Mgongo wenyewe, huu wa kubebea." Alijifuta uso. "Ardhi haikuporomoka kule. Kuna mtu alimbeba mama yake mzazi, akamweka kwenye lile benchi, akamwambia nisubiri, nakuja. Tangu siku hiyo mama anasubiri mgongo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungekubali kazi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mrudishe ulikomtoa. Aliyekutangulia alifanya hivyo, akapona."

"Na mtoto wake?"

Kufuli aliangalia mnyororo. "Hakuwa na mtoto."

Usiku ule Mfagiaji alilala kifudifudi. Kokoto alilala kando ya ukuta, mbali naye, macho wazi, akiangalia kitu juu ya bega la mama yake.

Jioni iliyofuata alipanda akitambaa kwa mikono na magoti. Alifika kwenye benchi, akalipa kisogo, akaketi, akafungua fundo.

Uzito ukateremka.

"Asante, mwanangu," sauti ikasema. "Wewe una roho nzuri. Wangu hakuwa nayo."

Hakugeuka. Alikimbia. Alimwacha mtu mlimani, mnyonge, peke yake gizani, na kila hatua alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulimfurahisha. Angejichukia baadaye. Kwanza amshike mwanawe.

Kokoto alikuwa amesimama langoni, kimya, mikono ndani ya sweta.

"Leo hata hakulia," Kufuli alisema kwa furaha. "Ametulia kama mtu mzima."

Mama alichutama akilia na kucheka. Mikono midogo ikamzunguka shingo. Akafunga mbeleko, akasimama.

Akabaki amesimama.

Mtoto alikuwa mwepesi. Mwepesi kama kapu la majani makavu.

Ikaja ile harufu. Kisha mdomo mdogo, usio na joto, ukagusa sikio lake.

"Umechelewa, mwanangu."

Na kule juu, kwenye kona ya njia iliyofungwa, sauti nyembamba iliita.

"Mama... mimi nimebaki."

Alipanda usiku uleule akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aling'oa miiba kwa vidole. Benchi lilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na alama za tope za nyayo ndogo, pana mbele na nyembamba kisiginoni. Alizijua kama anavyojua kiganja chake. Zilikuwa bado bichi.

Hakuacha kazi. Wenzake wanamsifu kwa hilo, wanamwachia chai kwenye chupa. Atawaambia nini? Kila jioni anapanda, anashuka, anasimama kwenye kona. Anajua ni nani atakayejibu, lakini anaita.

"Kuna aliyebaki?"

"Mimi, mama. Njoo unibebe."

Anapenya. Anachutama mbele ya benchi, mgongo wazi, mbeleko mikononi. Anasubiri. Hakuna anayepanda.

Kisha anashuka. Langoni Kufuli ameshika mnyororo, na kando yake amesimama mtoto mwenye sweta kubwa, ambaye siku hizi habishi, wala hakui. Kufuli hamtazami usoni.

"Wote wameshuka?" anauliza.

Mama anafungua mdomo.

Mtoto anamshika mkono, anaubana taratibu, na kumjibia.

"Wote, babu. Funga."