Nadhiri ya Nyati na Kiti cha Lubok Serai

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema, kabla shemeji yangu Deraman hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa asubuhi, siku moja baada ya uchaguzi wa kwanza wa bunge tangu Malaya yetu ipate uhuru. Hakuna aliyekwenda shamba. Wote tulijazana kwenye duka la kahawa la Heng, kwa sababu Heng alikuwa na redio. Waliokosa benchi walining'inia dirishani. Wali wa nazi uliisha kabla jua halijapanda.

Jimbo letu la Lubok Serai lilikuwa na wagombea wawili. Haji Senik alikuwa na alama ya Mnazi. Lebai Yunus alikuwa na alama ya Taa. Mimi nilikuwa Mnazi mpaka kwenye mifupa. Deraman, kaka wa mke wangu, alikuwa Taa. Tangu kampeni zianze, mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa kukohoa.

Tena nilikuwa nimeweka nadhiri msikitini, mbele ya watu: "Haji Senik akiingia bungeni, namchinja Belang, kijiji kizima kishibe!" Belang ni nyati wangu wa kulimia. Sina mwingine.

Redio ikakoroma, kisha ikasema wazi: chama cha Mnazi kimepata viti vya kutosha kuunda serikali.

Niliruka juu. Benchi likapinduka, Deraman akaenda chini na kikombe chake.

"Tumeshinda!" nikapiga kelele. "Leteni masufuria! Leo Belang analiwa!"

Nikakimbia nyumbani, umati nyuma yangu. Mke wangu Kelsom alikuwa kivulini chini ya nyumba yetu ya nguzo akipepeta mchele. Aliponiona nachukua kisu, alitupa ungo.

"Baba Timah, unakwenda wapi na kisu hicho?"

"Kutimiza nadhiri. Haji ameshinda."

"Nani amesema?"

"Redio!"

"Redio imetaja jina la Haji Senik?"

"Imetaja Mnazi. Si ni yale yale?"

"Mvua inakuja wiki hii au ijayo," alisema Kelsom. "Ukimchinja Belang, jembe utavuta wewe? Maana mimi sivuti."

Watu wakacheka. Nami nikazidi kupanda moto, kama kawaida ya mtu anayefanyiwa mzaha na mkewe mbele za watu. Nilikuwa nimeshamfungua Belang kamba aliposimama Mwalimu Rogayah na baiskeli yake. Huyu hufundisha watoto wetu, na serikali ilikuwa imemwajiri kuhesabu kura mjini, makao ya wilaya. Alikuwa anarudi kuoga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mjomba Jusoh, kuna harusi?"

"Kuna ushindi, Mwalimu! Haji Senik ni mbunge wetu."

"Mbona sisi tunaohesabu hatujui?" alisema. "Masanduku ya vijiji vya upande wa juu wa mto hayajafika. Maji yamepungua, boti limekwama kwenye mchanga. Sasa hivi askari wanalisukuma."

"Masanduku hayo ya nini tena? Chama kimeshinda nchi nzima!"

Mwalimu akaegemeza baiskeli. "Mjomba, wewe si bingwa wa kuchezesha pia?"

Nikavimba kifua. Kwetu baada ya mavuno tunashindanisha pia za mbao, kubwa kama sahani. Inayozunguka muda mrefu kuliko zote ndiyo bingwa.

"Basi nijibu," alisema. "Siku ya mashindano, kila kijiji kina uwanja wake. Tuseme pia za ndugu zako zimeshinda katika viwanja vingine vyote. Lakini hapa uwanjani kwako, yako imelala chali. Bingwa wa hapa ni nani?"

"Ni yule ambaye pia yake bado inazunguka."

"Ndivyo ilivyo kwa jimbo. Kila jimbo ni uwanja. Kila jimbo linachagua mbunge mmoja tu, yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata akizidi kwa kura moja. Redio imehesabu viwanja vingapi Mnazi imeshinda. Haikusema kiwanja chetu kimechukuliwa na nani."

Sikukubali kirahisi. "Huko pwani Mnazi imepata kura za kumwaga. Si watupunguzie kidogo?"

"Kura haziazimwi, mjomba. Kura ya pwani inabaki pwani. Ya Lubok Serai inahesabiwa Lubok Serai. Masanduku yote ya jimbo yakishahesabiwa, mawakala wa pande zote wakiangalia, msimamizi wa uchaguzi anasimama kwenye ngazi na kusoma. Kabla ya hapo ni maneno ya dukani."

"Na nikimchinja sasa?"

Kelsom alidakia. "Haji asiposhinda, utakuwa umemchinja bila nadhiri. Utakuwa umekosa nyati bure."

Nikamfunga Belang tena. Yeye aliendelea kula majani, hana habari kwamba maisha yake yako ndani ya boti lililokwama.

Alasiri tulikwenda mjini, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Uwanja ulijaa pomoni. Watu walipanda miti ya shokishoki. Msimamizi alipotoka na karatasi yake, sote tulisukumana kusogea karibu na ngazi.

Alisoma kura za Haji Senik. Umati wa Mnazi ukanguruma, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Kisha akasoma za Lebai Yunus. Zilizidi kwa thelathini na moja.

Thelathini na moja! Deraman alibebwa juu juu. Kofia yake ilipotelea hewani. Mimi nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji, halafu nikamkumbuka Belang, na kwa aibu nikajikuta natabasamu.

Tuliporudi, watu walikuwa wamekaa chini ya nyumba yangu na sahani zao. Deraman, aliyetutangulia kutoka mjini, alikuwa mbele.

"Shemeji, kisu kiko wapi?" alisema. "Chama chako kinaunda serikali. Redio imesema. Nadhiri ni nadhiri!"

"Nadhiri yangu ni Haji Senik kuingia bungeni," nilijibu. "Kila jimbo ni uwanja, shemeji. Pia ya Haji hapa imelala. Ushindi wa viwanja vingine hauisimamishi."

"Aa! Asubuhi ulisema Mnazi na Haji ni yale yale!"

"Asubuhi nilikuwa sijafundishwa."

"Unakwepa kutulisha! Ushindi wa nchi ni mkubwa kuliko wa jimbo. Chinja!"

"Chinja!" waliitikia wenye sahani. Kelele zikawa kubwa, kila mtu akieleza uchaguzi kwa mwenzake, kuku wakakimbilia vichakani.

Kelsom alishuka ngazi taratibu, akipangusa mikono kwenye kanga. Akasimama mbele ya kaka yake.

"Deraman," alisema, "hapa Lubok Serai aliyeshinda ni mtu wako. Nyati wako yuko wapi?"