Upande wa Wafu

Hebu niambie, wewe unayejifanya huogopi kitu: umewahi kumwandika upande wa wafu mtu ambaye hujui kama amekufa? Kwa mkono wako mwenyewe, kwa wino, na mama yako amekaa mbele yako anakutazama, na hajui kusoma?

Prodromos, mtoto wa jirani yetu Parthena, aliandika. Ilikuwa Jumamosi ya Wafu, mwezi wa pili mwaka 1939, kijijini kwetu Nea Argiri, kijiji cha wakimbizi tuliohamishwa kutoka ng'ambo ya Bahari Nyeusi tukaletwa kaskazini mwa Ugiriki. Asubuhi yenyewe ilikuwa kama asubuhi zote za siku ile. Theluji imeyeyuka nusu, matope mpaka vifundoni, na kila nyumba inanukia ngano ya wafu, ile inayochemshwa ikachanganywa na zabibu kavu na punje za komamanga.

Ngano haiendi kanisani peke yake. Inakwenda na karatasi. Karatasi unaigawa kwa mstari: kushoto walio hai, kulia waliolala, na padri anasoma yote. Na kila mtu kwetu anajua, ingawa hakuna atakayekwambia, kwamba ukitaka kumwua mtu bila kisu unamwandika kulia na kumpelekea padri. Padri atamsoma bila kujua. Akishasomwa, amesomwa.

Prodromos aliucheka uchawi huo. Miaka minne alikuwa Athens akisomea sheria, akarudi na digrii na kikohozi. Miaka mitatu sasa yuko nyumbani, Kilatini kimejaa kichwani, kazi yake kuwaandikia bibi za watu karatasi za majina na kulipwa mayai. Na nafasi ya kazi ilikuwepo, ukarani katika ofisi ya ardhi ya wilaya, ila yatima wa miaka ile ya balaa, ya vita na kuhamishwa, ndio waliotangulizwa. Alikwenda kwa katibu wa kijiji.

"Lete cheti kwamba baba yako amekufa," katibu akamwambia.

"Sijui kama amekufa."

"Basi lete cheti kwamba yu hai."

"Sina pia."

"Sasa we kijana, ni yatima au si yatima? Serikali haiajiri mtu wa labda." Katibu akajichokonoa meno, kisha akashusha sauti. "Padri akiandika barua kwamba anamwombea kama marehemu, mimi muhuri nagonga. Yanabaki kwenu nyumbani hayo."

Baba yake, Haralambos, alichukuliwa na askari mwaka 1921, kule ng'ambo kabla hatujahamishwa, akapelekwa bara na wanaume wengine kuvunja mawe ya barabara. Prodromos alikuwa na miaka saba. Haikurudi barua, haikurudi maiti. Kwa miaka kumi na minane Parthena alikuwa akikaa mezani kila Jumamosi ya Wafu, anataja majina, na mwanawe akiwepo anaandika. Na kila mwaka jina la kwanza lilikuwa lile lile.

"Haralambos," akasema asubuhi ile. "Kushoto."

Kalamu ikasimama.

"Vipi, umesahau jina la baba yako?"

"Nachovya wino, mama."

Akamwandika kulia.

Kanisani padri alisoma haraka haraka, maana karatasi zilikuwa rundo. Akina Haralambos waliokufa walikuwa wengi, mmoja zaidi nani angemshuku? Parthena alisimama na mshumaa wake, wala hakugeuka. Ila mshumaa wake ulizimika. Akauwasha kwa wa jirani. Ukazimika. Mara ya tatu akaukunja, akautia mfukoni, akatazama chini.

Alasiri padri aliandika barua. Prodromos akaiweka kwenye koti, upande wa moyo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akajisikia mtu kama watu. Jioni akaenda kwa Stathis kusikiliza redio.

Redio ile ilikuwa ya kwanza kijijini. Stathis, mwenye mkahawa, aliinunua mjini kabla ya Krismasi, sanduku la mti wa jozi lenye kitambaa cha dhahabu kifuani, likila betri ya lori. Wanaume walikaa ndani na pombe yao ya zabibu. Wanawake, ambao mkahawani hawaingii, walisimama uani dirishani wamejitanda shali, na Stathis aliwaachia kioo wazi kidogo. Parthena alikuwepo pale, amemshika mkono binti yake Evlambia, mwenye mimba ya miezi minane.

"Ee bwana Stathis, mwambie huyo wa ndani apandishe sauti!" mzee Kosmas akapaza. "Au hajala?"

"Umechanga nini wewe hata ale?"

"Nimechanga masikio. Unajua bei ya masikio yangu?"

"Kwa nywele zilizomo, tungeuza sufu!" akadakia mmoja, mkahawa mzima ukaangua kicheko. Mzee Kosmas mwenyewe alikuwa akiisalimu redio kila ikifunguliwa, kofia mkononi, kwa kuwa aliamini msemaji anamwona. Ulipigwa muziki wa mjini. Ikaja habari ya bei ya tumbaku. Ukaja muziki tena.

Halafu muziki ukakatika.

"Betri," Stathis akasema, akainuka.

Haikuwa betri. Taa ndogo ya redio ilikuwa inawaka. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kimya, lakini kimya chenye pumzi, kama cha chumba ambacho mtu yumo. Kisha ikasikika sauti ya kukwaruza. Prodromos aliijua kabla ya wengine wote. Ilikuwa kalamu, juu ya karatasi mbaya.

"Andika," ilisema sauti ya mwanamume.

Watu wakatazamana. Sauti ile ilisema lahaja yetu, lahaja ya kule kwetu ng'ambo, ambayo hakuna redio iliyowahi kuisema. Mjini wanaicheka. Hata watoto wetu wanaionea aibu.

"Nimeshika kalamu," sauti ya pili ikajibu, kavu, ya mtu asiye na haraka. "Upande gani?"

"Miaka yote nimewaweka kushoto. Wewe ni shahidi."

"Ndiyo. Kushoto."

"Leo nimesomwa. Nimesikia, nikiwa nimeshika nyundo. Nyumbani kwangu wamenihamisha." Ikapita pumzi. "Basi wahamishe na wao. Sitaki kukaa upande huu peke yangu."

Mzee Kosmas alivua kofia yake polepole. Hakusalimu.

"Taja majina," ikasema sauti kavu.

"Parthena. Mke wangu."

Kalamu ikakwaruza. Herufi nane. Prodromos alizihesabu bila kutaka.

"Umemwandika?"

"Nimemwandika."

Nje, kitu kizito kilianguka matopeni. Evlambia akapiga kelele, "Mama! Mama, inuka! Jamani, mama!" Wanaume walikimbilia mlango wote kwa pamoja, wakakwama. Prodromos hakukimbilia mlango. Alikuwa anaitazama redio. Alijua ni nani anayefuata.

Akairukia, akazungusha kitufe. Taa ikazimika. Akang'oa nyaya za betri, cheche zikamchoma vidole. Akalivuta sanduku mpaka sakafuni, mbao zikapasuka pembeni.

"Wa pili," ikasema sauti kavu.

Haikutetereka hata kidogo.

"Binti yangu," ikasema sauti ya kwanza. "Jina lake Ev..."

"Baba!"

Prodromos alikuwa amepiga magoti. Mdomo wake uligusa kile kitambaa. Kilikuwa na baridi. Kilikuwa na unyevu.

"Baba, si wao. Mama kila mwaka alikutaja kushoto. Hata leo. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeshika kalamu."

"Nani huyo anayeongea?" sauti ikauliza. Na sasa haikuwa mbali.

"Prodromos. Mwanao."

"Mwanangu ana miaka saba."

"Baba..."

"Hiyo si sauti ya mtoto." Kisha ikamwambia yule mwingine, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu: "Kuna mtu mlangoni anajifanya mwanangu. Tuendelee. Evlam..."

"Niandike mimi!" Prodromos alilia. "Mimi badala yake! Prodromos! Andika!"

Kalamu ikasimama. Stathis, aliyekuwa nyuma ya kaunta, anaapa mpaka leo kwamba alisikia ukurasa ukifunuliwa.

"Nafasi ni moja," ikasema sauti kavu. "Nimwandike huyu?"

Kalamu ikaanza, na ikaandika kwa muda mrefu. Jina la Prodromos si refu kiasi hicho.

Halafu muziki wa mjini ukarudi. Mwanamke aliimba beti mbili na kucheka, na redio ikanyamaza yenyewe. Nyaya zilikuwa mkononi mwa Prodromos. Zilikuwa mkononi mwake tangu alipozing'oa.

Parthena walimlaza juu ya meza mbili zilizounganishwa. Hakuwa na jeraha. Macho yalikuwa wazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Evlambia alikaa chini akikumbatia tumbo. Akamwuliza kaka yake kwa kunong'ona, "Kaka, baba amejuaje kwamba amesomwa?"

Prodromos alitoa barua ya padri kwenye koti, akaitia jikoni mwa Stathis mpaka ikawa majivu. Alisubiri kufa. Alisubiri usiku ule, akasubiri maziko ya mama yake, akasubiri Jumapili nzima. Hakufa. Moyo ulidunda, njaa ikauma kama kawaida. Kipindi chote hicho dada yake alikuwa hai, na mtoto alikuwa anapiga mateke tumboni.

Jumatatu alikwenda kwa katibu kuandikisha kifo cha mama. Katibu alimpa pole, akafungua daftari kubwa la kijiji, akashuka na kidole kwenye ukoo wao. Kidole kikasimama.

"Mbona... Prodromos, nani alilishika daftari hili?"

Mbele ya jina la Haralambos hapakuwa na kitu, kama miaka yote. Mbele ya jina la Prodromos palikuwa na mstari mmoja, mwandiko wa taratibu, wa mtu asiye na haraka. *Amefariki, barabarani, 1921. Umri miaka saba.* Wino ulikuwa umeshageuka kahawia. Ulikuwa umepenya kurasa tatu chini yake, kama ulivyofanya wino wote wa zamani.

Katibu alijaribu kuukwangua kwa wembe. Karatasi ikatoboka. Kwenye ukurasa wa chini, maneno yalikuwa yale yale, na yalisomeka vizuri zaidi.

Evlambia alijifungua salama, mtoto wa kiume. Jina la mjomba wake alikataa kumpa. Prodromos yuko bado. Anakula, anakohoa, anatukana serikali kwa lugha tatu. Lakini mtu aliyekufa na miaka saba hana digrii. Haajiriwi, haoi, hapigi kura, hashitaki. Kila dirisha la ofisi analokwenda, karani anafungua daftari, anamtazama, anatazama daftari tena, na anafunga dirisha. Wengine wanafanya ishara ya msalaba kwanza.

Na redio ile, Stathis hakuthubutu kuiwasha tena. Alipoipeleka mjini kwa fundi, fundi aliifungua mgongo akakuta ndani, nyuma ya kitambaa, vumbi jeupe la jiwe lililovunjwa kwa nyundo. Lilijaa bakuli mbili.

Sasa basi, nyinyi mnaoshika madaftari, wa wilayani na wa mji mkuu, na nyinyi mliokaa mezani mkabadilishana watu wa nchi mbili kama magunia: wanaume wale walihesabiwa walipochukuliwa. Mtu hahesabiwi akiingia kazini, akakosa kuhesabiwa akitoka. Orodha ipo mahali. Itoeni! Someni majina, jina kwa jina, kwenye hiyo redio yenu, kwa sauti ya mtu aliye hai, na mseme kila mmoja amelala wapi. Na mpaka mtakaposema, msithubutu tena kumtuma mtoto wa mtu akamtafutie baba yake kifo.